Do Ilitoka Wapi

Bosibori, omwana one, mwanangu,

Umeondoka saa saba kwenda Kebirigo kumuaga dada yangu, Mama Kemunto wako. Ulisema utarudi kabla jua halijazama, na nilikuambia siwezi kuandamana nawe kwa sababu bado sijapanga nguo zako. Nguo nilizipanga jana. Sanduku liko hapa kitandani, wazi, kufuli jipya likiwa juu ya kifuniko. Ukweli ni kwamba sikutaka kuketi kwenye kile kiti cha pembeni mwa cherehani nikiwatazama mkiimba.

Sitakuandikia habari za sabuni wala blanketi. Umelelewa na wanawake watatu, na wote watatu wamekwisha kukuambia mambo ya sabuni. Nataka kukuandikia habari za solfa, ile do re mi unayoenda kuisomea kesho shuleni upande ule wa Masimba, na habari za herufi moja niliyoiandika nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka mmoja na nusu kabla hujazaliwa.

Unajua jinsi wenzangu ofisini Nyamira wanavyonicheka. Nasoma barua mara nne kabla ya kuipeleka kwa mkubwa, kisha namfuata mlangoni nimwombe niisome ya tano. Juzi Omwenga, yule wa meza ya jirani, alisema mbele ya watu, "Nyaboke, wewe hata hewa ungeigonga muhuri kwanza ndipo uivute." Nilicheka pamoja nao. Wanadhani nimezaliwa na woga. Sikuzaliwa nao. Naogopa kwa sababu najua herufi moja inaweza kumfanya mtu nini.

Kwaya yetu ya vijana ilifanya mazoezi kila Sabato mchana, baada ya chakula. Mwalimu Nyakundi, ambaye hukumkuta duniani, alikuwa na kitabu kidogo cha nyimbo kilicholegea mgongo, na mtu alipaswa kunakili kila wimbo kwa solfa kwenye karatasi kubwa ya manila ili itundikwe ukutani: soprano juu, alto na tena katikati, besi chini, d na r na m zikiwa zimepangana na nukta zake. Mimi nilisimama alto. Siku moja alisimamisha wimbo katikati.

"Nani huyo kwenye alto ananguruma kama jiwe la kusagia?"

Wote walinitazama.

"Nyaboke, mama, keti uandike. Mkono wako unaimba kuliko koo lako."

Kanisa lilicheka. Kemunto, dada yangu, aliyekuwa amesimama mbele kwenye soprano, alijiziba mdomo kwa leso, lakini niliona mabega yake yakitikisika. Tangu Sabato hiyo nikawa karani wa kwaya. Nilinakili vizuri. Watu walisema wino wangu hauna doa. Nyumbani Magokoro, nyanya yako, alikuwa akipenda kusema huku akimenya ndizi, "Mungu aligawa kwa haki. Kemunto amepewa sauti, Nyaboke amepewa kalamu." Alisema kwa upendo. Mimi nilikuwa nikitamani kumuuliza Mungu kama bado inawezekana kubadilishana.

Hujawahi kuisikia sauti ya Kemunto ya wakati ule. Unayoisikia sasa anapokufundisha, ile ya chini, ya taratibu, anayoizuia isipite kizingiti cha mlango, ni kivuli tu. Wakati ule alipopanda juu, wanawake waliokuwa wakichuma chai ng'ambo ya bonde walisimama na vikapu mgongoni. Nimeona kwa macho yangu. Na kila waliposimama, mimi niliyekuwa nikichuma kando yake nilijiona kama mti wa kivuli ambao hakuna anayekumbuka aliyeupanda.

Agosti ile makambi ya kanisa yalikuwa upande wa Nyakoe. Ilisemekana kiongozi wa kwaya moja ya mjini Kisii atakuja kumsikiliza Kemunto. Walitafuta soprano, na waliyemchukua walimsaidia kuingia chuo cha ualimu. Nyumbani hakukuwa na habari nyingine. Alhamisi Magokoro alitoa viatu vyangu vyeusi kutoka chini ya kitanda changu, vile nilivyonunuliwa na mjomba nilipofaulu mtihani, akavipaka rangi na kumpa Kemunto.

"Ni vyangu," nikasema.

"Ni vya siku moja tu. Wewe utakaa nyuma na karatasi. Nani ataona miguu yako?"

Kemunto alivijaribu, akazunguka jikoni. "Vinanibana kidogo," akasema. "Nyaboke, una miguu ya mtoto!"

Alikuwa akinitania. Najua hivyo leo. Lakini nataka ujue wivu unavyofanya kazi, kwa maana wewe pia una damu yangu: hauji na jambo kubwa. Unakuja na kiatu.

Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, nilinakili nakala ya Mwalimu Nyakundi, ile ambayo angeishika mkononi mbele ya umati. Umekwisha kufundishwa kwamba solfa haisemi lolote mpaka uambiwe do iko wapi. Ndiyo maana juu kushoto huandikwa "Do ni F" au "Do ni G", na kiongozi hupuliza kile kifilimbi chake cha duara kutoa sauti ya kuanzia. Mwalimu Nyakundi hakuwahi kukumbuka ufunguo wa wimbo wowote. Aliamini karatasi yangu. Wimbo ule ulikuwa F, na hata kwenye F Kemunto alipofika kileleni alikuwa amebakiza nafasi ndogo sana juu ya kichwa chake. Niliandika, "Do ni A."

Mkono haukuteleza. Nimejaribu miaka hii yote kujiambia kwamba uliteleza, na siwezi.

Kutoka F hadi A ni hatua mbili nzima juu. Kesho yake makambini, besi hawakuhisi kitu, walifurahi. Waimbaji wa tena walikaza shingo. Kemunto alianza vizuri, nikadhani Mungu ameamua kunidharau na kumbeba hata huko. Kisha wakafika mstari wa mwisho, pale anapobaki peke yake. Alifungua mdomo, na sauti ikapasuka kama kitambaa kinachochanwa. Akajaribu tena. Ikatoka pumzi tupu. Alto walimfunika haraka wakamaliza wimbo, na watu wakasema amina, ile amina ya kumsaidia mtu aliyeanguka. Kemunto aliketi akitazama chini, akivitazama viatu vyangu. Yule mama, kiongozi wa kwaya ya Kisii, alikuwa na daftari mapajani. Alilifunga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wawili nyuma ya wengine. Alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi.

"Nyaboke, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ilikuwa kama mtu ameongeza vidato kwenye ngazi. Nafika pale ninapopajua, sipakuti."

Unaona? Alikuwa amegusa ukweli kwa ncha ya kidole. Ningenyamaza tu. Badala yake nikamwambia, "Labda yale maji baridi uliyokunywa asubuhi."

Akafikiri. "Labda," akasema. "Au labda Mungu ananiambia nikae chini. Nilikuwa nimeanza kujiona."

Ile A niliiandika kwa kalamu, na nusu ya lawama ningeweza kuipa kalamu. Maneno haya yalitoka mdomoni mwangu, mchana, na dada yangu aliyaamini. Jumatatu niliandika nakala mpya yenye F nikaiweka kwenye faili la kwaya. Ile ya kwanza sikuichoma. Karani hachomi karatasi. Iko ndani ya Biblia yangu kubwa mpaka leo, imekunjwa mara nne.

Kemunto hakuimba tena mbele ya watu. Mwalimu Nyakundi alimbembeleza mwaka mzima, akamwambia koo lina siku zake. Alikataa. Akajifunza kushona. Mimi nikaenda kusomea ukarani, na kwa kuwa baba yako alikuwa amekwisha kuondoka, nilikuacha kwa Kemunto ukiwa hata hujakaa. Miaka miwili. Niliporudi likizo ya kwanza, ulikuwa umeketi chini ya cherehani ukichezea vipande vya vitambaa, na ulipofungua mdomo ulisema "Mama," ukiwa umemwinulia yeye mikono. Neno lako la kwanza kulisikia kwa masikio yangu halikuwa langu.

Kwa hiyo usidhani wivu uliisha Nyakoe. Ulibadilisha nguo tu. Ulipofika miaka sita ukaanza kuniimbia solfa ya nyimbo za redioni, nikajua nani anakufundisha, huko nyuma ya mlango uliofungwa, kwa sauti ya chini. Ulipocheka, ulicheka kicheko chake, kile cha kurudisha kichwa nyuma. Unakumbuka siku ile sokoni ulipoita "Mama!" na wote wawili tukageuka? Ulimkimbilia yeye, maana yeye ndiye aliyeshika mfuko wa mandazi. Kila mtu alicheka, hata mimi. Usiku huo nilikusahihisha mara tatu namna ya kushika kijiko, na ukalala umenuna bila kujua kosa lako.

Hata sare unayoenda nayo kesho ameishona yeye. Niliipanga jana nikatafuta mshono uliolegea. Sikuupata.

Sasa nije kwenye jambo la mwezi uliopita. Ulimuuliza Kemunto haya majina, do re mi, yalitoka wapi, naye akakuambia hajui, aliyakuta tu kanisani kama alivyoukuta mlango wa kanisa. Uliponisimulia hivyo, moyo wangu uliruka. Kulikuwa na kitu asichokijua! Kesho yake wakati wa chakula cha mchana nilibaki ofisini peke yangu, nikaifungua kompyuta, nikasoma mpaka chai ikapoa.

Nilikuambia jioni ile. Nitarudia hapa, kwa kuwa maandishi hukaa. Yapata miaka elfu moja iliyopita mtawa mmoja wa Italia alichoka kuona waimbaji wakikariri nyimbo miaka na miaka, na bado wakipewa wimbo mpya wanababaika. Akachukua wimbo wa Kilatini wa kumsifu Yohana Mbatizaji, ambao kila kipande chake kilianza ngazi moja juu ya kile kilichotangulia. Silabi ya kwanza ya kila kipande akaifanya jina la sauti: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut inaufunga mdomo mwishoni, haiimbiki vizuri, kwa hiyo baadaye wakaiweka do. Ile ya saba iliongezwa baada ya muda mrefu. Na solfa yenyewe ni sol na fa zilizoshikana mikono. Karne nyingi zikapita, mwalimu mmoja wa kike huko Uingereza akayafupisha majina yawe herufi ili watoto wake waweze kusoma, mchungaji mmoja akaieneza kazi hiyo, wamishonari wakaileta. Ndivyo Magokoro, asiyejua neno moja la Kilatini, anavyopalilia mahindi akiimba silabi za wimbo wa mtawa.

Unakumbuka ulichofanya nilipomaliza? Uliruka. "Wueh! Ngoja nimwambie Mama Kemunto!" Ukachukua simu yangu, simu yangu mwenyewe, ukampigia. Nikamsikia akicheka upande wa pili. "Mwambie mama yako asante," alisema. "Yeye ndiye kichwa cha nyumba yetu. Mimi nilikuwa naimba tu kama ndege asiyejua jina lake."

Nilienda nje nikakusanya nguo ambazo hazijakauka.

Kuna sehemu sikukuambia. Nilisoma pia wimbo ule wa Kilatini unaomba nini. Unamwomba Yohana aiondoe hatia kwenye midomo ya watumishi wake, ili makoo yao yafunguke waweze kuimba. Hicho ndicho kilicho chini ya do re mi. Watu wote hawa, tangu Italia hadi Nyamira, wanapanda ngazi iliyojengwa kwa ombi la mdomo mchafu. Niliifunga kompyuta. Mkubwa aliporudi aliniuliza kama naumwa.

Na kwa nini Yohana? Hilo unalijua tangu shule ya Sabato. Baba yake, Zakaria, alikuwa amefungwa ulimi mpaka siku mtoto alipopewa jina. Watu wakabishana juu ya jina, mzee akaomba kibao, akaandika, na hapo hapo mdomo wake ukafunguka. Nimeisikia hadithi hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kutambua kwamba kabla ya kuongea aliandika. Nimekaa na jambo hilo mwezi mzima. Ndilo lililonitia kalamu mkononi leo.

Sitaki kukuhubiria, Bosibori. Nina jambo moja tu la kukupa, nalo nimelilipia. Do haina makao. Ndiyo fahari ya solfa: unaweza kuihamisha iende chini au juu, imfuate mwimbaji, na wimbo ukabaki ule ule. Lakini maana yake ni kwamba kuna mtu anayeichagua, na huyo mtu anaweza kukosea, au anaweza kuwa mimi. Huko uendako kuna siku sauti yako itapasuka mbele ya watu. Kabla hujalilaumu koo lako, kabla hujasema Mungu amekuambia ukae chini, uliza do ilitoka wapi. Simama uulize kwa adabu, hata kama mwenye karatasi ni mwalimu. Hata kama ni mama yako. Dada yangu hakuuliza, kwa sababu aliniamini, na ameishi miaka hii yote akidhani koo lake ndilo lililomwangusha.

Na ukijiona siku moja umeshika karatasi ya mwenzako anayeimba kukushinda, usijiambie kwamba huna wivu. Mimi nilijiambia hivyo mpaka nilipokuwa nimekwisha kuandika.

Kuna kosa la pili, nalo ni la juzi. Ile kadi ya shule, ya watu watakaoruhusiwa kuja kukuona siku ya wageni, ina nafasi mbili. Ulisema, "Mama, ya pili muandike Mama Kemunto." Nikasema sawa. Niliandika jina langu, kisha nafasi ya pili nikaichora mstari, kama tunavyofunga nafasi tupu ofisini ili mtu asije akaongeza neno. Nilijiambia ni utaratibu. Nilijiona tayari, siku ya wageni, mimi peke yangu nikiketi mbele na wewe ukiimba, watu wakiuliza mama wa yule msichana ni nani. Nikaupuliza wino ukakauka. Nilikuwa na miaka kumi na saba tena, na kalamu ile ile.

Sasa hivi nimeitoa kadi. Nimeandika juu ya mstari, kwa herufi kubwa, KEMUNTO, MAMA, na pembeni nimetia sahihi yangu kama inavyotakiwa mtu anaposahihisha alichoandika. Si nadhifu. Ni kadi chafu kuliko zote nilizowahi kujaza. Wakikuuliza getini, waambie mama yako ni karani na anajua alichofanya.

Bado namwonea wivu. Ningependa kukuambia kwamba kuandika kumeuondoa, lakini hata sasa, nikikumbuka kwamba mko pamoja na saa zinaenda, meno yanakazana. Naogopa pia. Nikimwambia, anaweza kunifungia mlango, na akinifungia mlango najua wewe utakuwa upande gani wa mlango huo. Hicho ndicho nilichokuwa nikikilinda miaka yote hii. Si sifa yangu. Ni wewe.

Jua limefika kwenye mikaratusi. Nimesikia mbwa wa jirani akibweka, kisha akanyamaza, kwa hiyo ni mtu anayemfahamu. Mnakuja. Ni sauti mbili. Kemunto amekusindikiza mpaka nyumbani, na mnaimba mkipandisha kilima katikati ya michai, wewe juu, yeye chini, chini sana, kama mtu anayetembea na taa akiwa ameifunika kwa kiganja.

Nimeitoa ile karatasi kwenye Biblia. Iko hapa mezani, "Do ni A", wino hauna doa. Nitatoka nayo. Wewe nitakutuma kwa Magokoro ukalete ndizi za safari, nasi wawili tutaketi kwenye lile jiwe la nje, na nitampa aisome mwenyewe, kwa kuwa anasoma solfa kuliko mimi na hatahitaji maelezo marefu.

Barua hii sijaiweka sandukuni. Niko nayo mfukoni. Nisipoweza kumwambia, nitaichoma, na itakuwa karatasi ya kwanza ninayoichoma maishani, nawe utaenda shule bila kujua chochote. Nikimwambia, lolote atakalonijibu, nitaikunja na kuiweka chini ya sare aliyokushonea, kisha nitafunga kufuli.

Kwa hiyo kama umeikuta, mwanangu, basi anajua.

Mama yako,
Nyaboke